Kopo la Tarehe Tisa Mei

Corinne Dykhouse alikuwa tayari kutia saini. Kalamu anayo mkononi, karatasi ipo mezani jikoni kwake, na aliyekuwa akichelewesha mambo ni Sajini Nadine Zielke mwenyewe, mpelelezi aliyetumwa kuja kuichukua.

"Soma tena," Nadine alimwambia.

"Nimeshaisoma mara mbili."

"Basi isome ya tatu. Hapa umesema ulichuma uyoga wa sumu ukadhani ni moreli, ukampikia baba mkwe wako, akafa. Ukitia saini, mwendesha mashtaka anaipata saa kumi na moja jioni hii. Jumatatu watu wakimzika Mzee Lyle, wewe utakuwa ndani."

"Hata nisipokuwa ndani sitakiwi makaburini. Curt amesema akiniona huko atanitoa kwa mikono yake."

Curt ndiye mume wake. Tangu jana asubuhi, baba yake alipokata roho hospitalini, alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara kwa mama yake na hajamsemesha mkewe neno jingine. Madaktari walisema ini la mzee lilikufa kwa sumu ya uyoga wa ubongo, ule wenye mikunjo mikunjo, unaoota misitu ile ile na majira yale yale ya moreli, uyoga mtamu ambao wenyeji huusaka kila masika. Mji mzima wa Alder Forks ulikuwa umeshatoa hukumu. Mke wa Curt katoka jijini Detroiti, hajui kutofautisha uyoga na kinyesi cha kulungu, kaingia msituni na mfuko wa neti kama mwenyeji, na matokeo yake ndiyo hayo.

Nadine alivuta kiti akakaa. Karatasi akaisogeza pembeni, mbali na kalamu.

"Nieleze Jumamosi."

"Asubuhi tulikwenda msituni na Baba. Tulirudi na nusu mfuko. Mama mkwe alikuwa anatoka kwenda kanisani, kuna kazi ya mauzo ya maua, akasema nipike jikoni kwake kwa sababu jiko langu ni bovu. Nikapika. Baba akala. Basi."

"Ulipasua uyoga?"

"Kila mmoja, kwa urefu. Baba alisimama nyuma yangu akinitania, ananiita daktari wa upasuaji. Ndani ulikuwa mtupu kuanzia kichwani mpaka kwenye shina, kama mrija. Aliniambia ule wa ubongo ukiupasua unakuta umejaa, kama pamba imeshindiliwa. Sikuona pamba, Sajini. Hata kwenye mmoja."

"Sasa kwa nini unataka kutia saini kwamba ulikosea?"

"Kwa sababu amekufa!"

Alisema kwa sauti kubwa mpaka kuku wa uani wakanyamaza. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akaomba radhi, jambo ambalo Nadine hakulitegemea kwa mtu wa Detroiti.

"Wewe mwenyewe ulikula?"

"Sili uyoga tangu utotoni. Nikiugusa kwa ulimi tu natapika. Hapa wananiona kituko."

"Lakini Curt ameandika kwenye taarifa yake kwamba uliugua."

"Kichwa kiliniuma mpaka nikashindwa kusimama. Nilianza kutapika jioni ile ile. Curt anasema ni dhamiri ilikuwa inanisuta." Alicheka kicheko kibaya. "Dhamiri gani, wakati Baba alikuwa bado mzima kwenye kochi, anatukana timu yake ya besiboli? Yeye alianza kuumwa alfajiri."

Nadine aliandika maneno hayo, akayapigia mstari. Aliyekula aliugua baadaye. Asiyekula aliugua kwanza. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amesikia mengi, ila hili halikumwingia akilini.

"Mabaki yapo?"

"Mchuzi wa uyoga haukubaki. Baba alikula sahani tatu, akachovya mkate mpaka sufuria ikang'aa. Vya kutupa nilivyokata vimebaki. Vikonyo na vipande vyenye wadudu, pamoja na maganda ya viazi. Nilivileta niwape kuku, halafu nikaugua nikasahau. Viko baraza ya nyuma."

Huko nyuma kulikuwa na baridi kama ya friji, kama kawaida ya Mei isiyotaka kupata joto. Kopo la aiskrimu lilikuwa juu ya rundo la kuni, limefunikwa kwa sahani. Nadine alivaa glavu, akafunua, harufu ikampiga akageuza uso. Alilitia kopo zima kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa.

"Usitie saini kitu mpaka nirudi," alisema.

"Na usiporudi mpaka saa kumi na moja?"

"Nitarudi."

Reino Lahti aliuza chambo cha samaki karibu na daraja, na serikali ya jimbo ilikuwa imempa kadi ya kukagua uyoga wa mwituni kabla haujauzwa mikahawani. Wazee wake walitoka Ufini. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Sajini! Umeniletea chambo?" alisema akichungulia mfuko. "Hicho hata kambale atakikataa."

"Nataka kujua ni uyoga gani. Kipande kimoja baada ya kingine. Usiruke hata kimoja."

Reino alitandaza magazeti juu ya kaunta, akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Kazi ilichukua dakika arobaini. Alitenga maganda ya viazi, akapanga vikonyo vya uyoga kwa safu, akavigeuza kwa kibanio, akavipuliza ukungu ukaondoka. Alipofika cha mwisho alikuwa ameacha mzaha.

"Nani kakata hivi?"

"Corinne. Mke wa Curt."

"Akufundishe na wewe, maana mwaka jana nilikuona unakata kama mtu anayepasua kuni." Aligusa safu ya kwanza kwa kidole. "Moreli. Moreli. Hii imeliwa na konokono lakini moreli. Tazama, kila shina tundu tupu, na kofia imeshikana na shina mpaka chini. Vipande sitini na viwili. Wa ubongo hakuna."

"Huenda mmoja uliingia kwenye sufuria?"

"Ungeukata wapi basi? Ule una mguu mnene wenye mchanga, lazima uuondoe, na mguu wake ungekuwa hapa. Haupo. Huyu binti alipika chakula safi, Nadine."

Nadine aliegemea friji ya minyoo. Saa mbili zilizopita alikuwa amekwenda kuchukua saini ya mtu huyo.

"Mzee Lyle alikufa kwa uyoga wa ubongo," alisema. "Hospitali imepima. Na huyu binti hakula kitu, akaumwa kichwa na kutapika kabla ya mzee."

Reino alivua miwani yote miwili.

"Alipopika, dirisha lilikuwa wazi?"

"Sijui. Kulikuwa na baridi. Kwa nini?"

"Mama yangu alikuwa anapika wa ubongo kila Mei. Wengi hapa wanapika mpaka leo, usijifanye polisi hujui. Unauchemsha, maji unamwaga. Unauchemsha tena, maji unamwaga. Ndipo unakaanga. Na siku hiyo milango yote wazi, sisi watoto tunafukuzwa nje hata kama kuna theluji, kwa sababu mvuke wake tu unakulaza chini. Sumu inahamia kwenye maji. Uyoga unaula, maji hata mbwa humpi. Binti huyo hakula sumu. Aliivuta."

Nadine alikuwa ameshatoa simu.

"Corinne, ule mchuzi uliutia nini na nini? Kila kitu."

"Siagi. Unga. Kitunguu. Maziwa kidogo. Na supu ya Mama."

"Supu gani?"

"Ya moreli, ya kwenye friza. Alinitolea kabla hajaondoka, akasema Baba anapenda mchuzi ukolee. Niliichemsha mpaka ikapungua nusu."

"Dirisha?"

"Nilifunga. Kwani vipi?"

"Hujamwambia mtu habari za supu?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wote mnauliza uyoga, uyoga."

Hilo lilimchoma Nadine, maana lilikuwa kweli tupu.

"Ilikuwa kwenye nini hiyo supu?"

"Kopo la aiskrimu. Nililisuuza nikatilia vikonyo. Si ndilo hilo ulilochukua?"

Nadine aliteremsha simu taratibu. Kopo lilikuwa kaunta, tupu, limelala ubavu kati ya ndoano na makopo ya minyoo. Muda wote huo alikuwa amelibeba kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, akishughulikia yaliyomo ndani. Aliligeuza kwa ncha za vidole. Ubavuni kulikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, kimelowa na kukauka, na maandishi ya wino mweusi yaliyonyooka kama ya mwalimu.

SUPU YA MORELI. 9 MEI.

Mwandiko huo aliujua. Mji mzima uliujua. Alikuwa na umri wa miaka saba alipouona mara ya kwanza, kwenye mitungi ya kuhifadhia uyoga ya Bi Verna Dykhouse, mke wa Mzee Lyle, siku Bi Verna alipomshika mkono na kisu pamoja, akamfundisha kupasua moreli kwa urefu na kutazama ndani kabla ya kuamini.

"Tarehe tisa?" alisema Reino nyuma ya bega lake.

Wote wawili walitazama ukutani kwa wakati mmoja. Pale palikuwa na ubao ambao Reino huuandika kila masika: nani kaleta moreli ya kwanza, na siku gani. Watu wa Alder Forks wamewahi kununiana miaka mitatu kwa ajili ya ubao ule. Hakuna anayeokota ya kwanza akaficha. Hata mwenye homa atajikokota mpaka dukani aandikwe.

Mwaka huu iliandikwa: *Verna Dykhouse, 13 Mei.*

"Tarehe tisa majani ya mialoni yalikuwa hayajachomoza," Reino alisema kwa sauti ndogo. "Moreli hakuna kaunti nzima. Wa ubongo ndio hutangulia. Tarehe tisa ulikuwepo tele." Alikaa juu ya ndoo. "Mungu wangu. Verna? Verna alinifundisha mimi."

"Na mimi," Nadine alisema.

Aliomba kopo lifungwe upya mbele ya shahidi, akamtaka Reino atie saini kwenye mfuko. Saini yake ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

Jikoni kwa Bi Verna kulikuwa na vyombo kumi na kimoja vya chakula cha msiba: tambi za kuoka, maharage, nyama ya kusaga na viazi. Majirani walikuwa wameleta. Bi Verna, mwanamke mrefu wa miaka sabini aliyevaa aproni ya samawati, alikuwa akikata utepe wa karatasi na kubandika jina la mwenye chombo chini ya kila kimoja, ili visije vikapotea. Curt alikuwa amekwenda kuchagua jeneza.

"Nadine mwanangu! Umekula? Chukua sahani, mimi nitamaliza lini haya?"

"Asante, Bi Verna, sina njaa." Nadine aliweka kinasa sauti mezani, akakiwasha. "Nina maswali, na kabla sijauliza nakwambia una haki ya kunyamaza, na una haki ya wakili."

Bi Verna alikitazama kile kidude, kisha akamtazama usoni.

"Makubwa," alisema. "Haya uliza."

"Ukichemsha uyoga wa ubongo, maji unayamwaga wapi?"

"Nyuma ya banda. Kila mtu anamwaga."

"Mwaka huu uliuchemsha?"

"Kidogo tu. Lyle alikuwa anapenda."

"Tarehe ngapi?"

"Tarehe nani anakumbuka?"

"Wewe unakumbuka. Wewe unaandika tarehe hata kwenye mfuko wa mkate." Nadine alitoa mfuko wa ushahidi, akauweka kati ya bakuli mbili za tambi, utepe ukielekea juu. "Hii ni supu ya nini?"

"Imeandikwa. Ya moreli."

"Tarehe tisa hapakuwa na moreli. Yako ndiyo ya kwanza, na uliileta tarehe kumi na tatu."

"Nilichemsha iliyokaushwa. Ya mwaka jana."

"Mtungi wa mwisho wa mwaka jana uliutoa uuzwe kanisani wakati wa Pasaka, na ulilia kidogo ulipouachia. Niliununua mimi, Bi Verna. Uko kabatini kwangu."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwa Bi Verna, na kipande cha utepe kimening'inia kwenye kidole chake. Alikibandika polepole chini ya bakuli la maharage, akakisugua kwa gumba kishike, akaweka mkasi chini.

"Alimpeleka kwenye miti ya Baba," alisema.

"Nani?"

"Lyle. Nyuma ya ile mitufaha ya zamani, moreli zinapoota kila mwaka. Baba yangu alinionyesha mimi peke yangu, kabla ya kufa. Lyle mwenyewe nilimwonyesha baada ya miaka kumi ya ndoa. Mwanangu niliyemzaa hajui palipo. Na huyu wa Detroiti, asiyekula hata uyoga, anapelekwa mwaka jana mchana kweupe! Nikamwuliza Lyle kwa nini. Akasema anafurahi kuwa naye, ana maswali mazuri." Alilitamka neno hilo kama linanuka. "Maswali mazuri."

Nadine alijua watu waliovunja undugu kwa sababu ya mahali pa kuchumia. Alijua waliopasuliana matairi. Bado hakuamini masikio yake.

"Ukamuua kwa hilo?"

"Nani kasema kuua?" Sasa Bi Verna alipandisha sauti. "Nilitaka tumbo limsokote siku moja! Atapike, waseme ni uyoga wa yule, asimchukue tena. Nimepika uyoga huu tangu nina miaka tisa, najua kijiko kimoja kinafanya nini. Lyle hapendi mchuzi. Miaka arobaini na saba anaweka kijiko kimoja juu ya viazi, anasukuma bakuli. Kijiko kimoja kisingemuua."

"Alikula wote."

"Uongo."

"Corinne alipika sufuria nzima. Mzee alikula sahani tatu, akachovya mkate mpaka sufuria ikang'aa."

"Lyle hapendi mchuzi," Bi Verna alirudia, lakini safari hii alikuwa kama anauliza.

"Wako ndio alikuwa anaweka kijiko kimoja."

Bi Verna alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakikosa, Nadine akamdaka kiwiko na kumkalisha. Mwili wa yule mama ulikuwa mzito ghafla, mkono baridi.

"Siku tano ulikaa kando ya kitanda chake," alisema. "Ulimsikia Curt akimwita mkewe muuaji. Hukusema."

"Madaktari walishajua ni sumu gani. Mimi kusema kungebadilisha nini?"

"Corinne angeruhusiwa kuingia kumuaga."

Bi Verna alianza kufungua kamba za aproni, na vidole vikashindwa, ikabidi Nadine amfungulie kwa nyuma, kama mtu anayemsaidia mama yake.

Saa kumi na nusu gari la sherifu lilikuja kumchukua. Nadine alivuka barabara. Corinne alikuwa amesimama kwenye ngazi za mbele, ameliona gari, ameona aliyepanda, na alikuwa bado ameishika ile kalamu.

"Uyoga wako ulikuwa salama," Nadine alimwambia. "Wote. Reino amekagua kimoja kimoja. Ile supu ndiyo ilikuwa maji ya wa ubongo. Bi Verna amekiri. Karatasi ile nitaichana mwenyewe, na Curt nampigia simu sasa hivi."

Alitegemea atalia, au atacheka, au atamkumbatia. Corinne aliketi pale pale ngazini, akatazama jikoni kwa ng'ambo, ambako taa ilikuwa imeachwa ikiwaka juu ya bakuli za msiba.

"Sahani ya pili alishashiba," alisema. "Nilimwona ameshashiba. Nikamwuliza, Baba, nikuongeze?" Alimtazama Nadine, macho makavu, yamemtoka. "Akasema niongeze, mwanangu. Hakutaka kunivunja moyo. Nikamwongeza."